Kipambo Kilichojua Jina Tu

Nimeaibika, na nataka niliseme mwenyewe kwa mdomo wangu kabla hamjaambiwa na wengine, maana mji wetu huu wa Amu una watu wasiokuwa na kazi ila kuongeza chumvi, na mpaka sasa nimeshasikia mikasa mitatu ambayo yote ni yangu na yote si yangu: mmoja unasema kompyuta yangu ilipandwa na jini, wa pili unasema nilihongwa, na wa tatu (huu ndio unaonichoma) unasema nilifanya makusudi. Sikufanya makusudi. Nilifanya upumbavu, na mtu akifanya upumbavu aubebe mwenyewe asiupakaze majini. Nina hasira, jamani, msinione nacheka. Nimemkasirikia shemeji yangu, nimeikasirikia kompyuta ambayo haina kosa lolote, nimewakasirikia waliocheka, na nikimaliza kuwakasirikia wote narudi kwangu mwenyewe, na hapo ndipo hasira hukaa kitako ikaagiza kahawa.

Mnanijua, mimi ni Twaha, mwalimu wa hesabu. Mwaka jana nilijitia kusomea kutunga programu, na nikaangukia maktaba moja ya kompyuta (si maktaba ya vitabu, ni mkusanyiko wa programu zilizoandikwa tayari na watu wa nchi mbalimbali, bure, atakaye achukue) ambayo kazi yake ni hesabu za alama. Yaani ukiiandikia theluthi inabaki theluthi, haikugeuzii kuwa sifuri nukta tatu tatu tatu mpaka mwisho wa ukuta. Ukiiandikia x haikuulizi x ni ngapi, inakwenda nayo hivyo hivyo. Nilivyoiona, wallahi, nilisahau hata kula. Miaka yote nafundisha watoto wasikate mikia ya sehemu, leo nimepata chombo kisichokata!

Sasa ndani ya maktaba ile kuna chumba cha vitu vidogo vidogo vya kusaidia kazi, na humo ndimo nilimopotelea. Kuna vitu wenyewe wanaviita dekoreta, mimi naviita vipambo. Nitaeleza mara moja tu, na atakayesinzia shauri yake. Umeandika kipande cha programu kinachofanya kazi moja. Tuseme ni fundi amekaa chumbani. Kipambo ni bawabu unayemweka mlangoni kwa fundi huyo, kwa mstari mmoja tu juu ya kichwa chake, unaoanza na ile alama ya barua pepe. Fundi humgusi, anabaki vile vile, lakini kila swali linaloingia na kila jawabu linalotoka hupita kwa bawabu. Yuko bawabu ambaye ukimpa maswali kumi kwa pamoja humpelekea fundi moja moja kisha akakurudishia kumi. Yuko wa kuonya tu: fundi huyu amechakaa, karibu ataondolewa, tafuteni mwingine. Na yuko wa kumbukumbu, ambaye ndiye aliyenimaliza: fundi akishajibu swali, bawabu hulihifadhi lile jawabu, na swali likirudi hamsumbui tena fundi, anakutolea lile lile la mwanzo papo hapo.

Nilivipenda mpaka nikaona kosa dogo katika maelezo ya kipambo kimoja, nikawaandikia wenye maktaba, wakalikubali. Kosa lenyewe lilikuwa mabano yaliyosahauliwa kufungwa. Mabano! Lakini mimi nilivimba, nikatembea ukingoni pale gatini siku mbili kama niliyejenga mimi gati. Na mtu aliyevimba, mnajua, hutafuta mahali pa kupasukia.

Nikatunga programu ya mirathi. Unaandika jina la marehemu, unaandika warithi wake, mke, wazazi, watoto, na kila mmoja unamwandikia anakaa wapi, maana majina yetu ni yale yale na nilitaka warithi wasichanganyike (marehemu sikumwekea mahali, nilisema maiti atachanganyika na nani?). Unabonyeza, inakutolea mafungu: sudusi, yaani sehemu moja ya sita, thumuni, yaani moja ya nane, kila kitu kwa sehemu kamili. Hesabu hiyo haichukui hata muda wa kupepesa kope. Haikuhitaji bawabu wa kumbukumbu, haikuhitaji bawabu yeyote, ni hesabu ambayo Ustadh Shee wa msikitini kwetu huifanya kwa vidole huku anakutazama. Lakini mimi nilikuwa na kipambo kipya, nitakaaje bila kukivaa?

Nikakiweka. Kikakataa. Kile kipambo cha kumbukumbu hakipokei orodha, kinataka kitu kisichobadilika, jina au nambari, na mimi nilikuwa nakipa orodha ya warithi. Kikawa kinanirudishia maneno mekundu. Mtu mwenye akili angesema, haya, si lazima. Mimi nikaandika kipambo changu mwenyewe, ambacho hakiwatazami warithi hata kidogo: kinatazama jina la marehemu, basi. Jina likiwa kinalijua, kinatoa jawabu la zamani. Tena nikakifanya kihifadhi majawabu yake ndani ya faili, ili hata kompyuta ikizimika yasipotee, na chini ya kila jawabu la zamani kinaandika limehifadhiwa mwezi gani. Nilikiona kizuri mpaka nikamwita Wafula aje akione.

Wafula ni mwalimu wa kompyuta pale shuleni, mtu wa bara, mpole, haendi mahali bila mwavuli hata kiangazi. Akatazama kioo, akajikuna shingo.

"Mwalimu, hii inaangalia jina peke yake?"

"Majina matatu," nikamwambia. "Lake, la babake, la babuye."

"Jina si kitambulisho, bro. Weka nambari. Hii itakuchoma."

Na mimi nikamjibu, tena kwa kicheko cha mwenyeji kumcheka mgeni: "Huku kwetu tunajuana, Wafula."

Tunajuana! Kefule. Jamani, nani asiyejua kuwa hapa kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba ya babake? Mzee Lali bin Kombo bin Lali alimzaa Kombo, na Kombo alimzaa nani? Lali. Kwa hiyo babu ni Lali Kombo Lali, na mjukuu ni Lali Kombo Lali, majina matatu, herufi kwa herufi. Mtu wa bara alikuwa na haki asilijue hilo. Mimi nimezaliwa nalo.

Huyo Lali mjukuu ndiye shemeji yangu. Amemuoa dada yangu, Da Mwanaesha, ambaye alinilea toka nina miaka tisa mama alipofariki, akaninyoa, akanipeleka chuoni kusoma Kurani, akanipiga nilipostahili na mara nyingine nisipostahili. Hana mwengine wa tumbo moja ila mimi, nami sina ila yeye. Mungu amewapa yeye na Lali binti wawili, na yule wa kiume wa kuitwa Kombo hakuja, na kila akitembelewa na mawifi huulizwa bado?, naye hucheka akamimina chai.

Lali ni fundi wa injini za boti. Huenda kisiwani Kiwayu kila mara kutengeneza injini za mahoteli, hukaa wiki, hurudi. Basi mwezi wa Rajabu, asubuhi moja ya Jumamosi, akaja kwangu, akafunga mlango, akafunga na dirisha (joto lile!), akaniambia, "Twaha, nasikia una mashine ya mirathi. Nataka kujua, mimi nikifa kutakuwaje."

Nikamwambia rahisi, baba na mama wapo, mke mmoja, binti wawili. Akatazama chini. Akasema, "Andika wake wawili."

Nikaondoa vidole kwenye kompyuta.

"Na mwana wa kiume," akasema. "Yuko Kiwayu na mamake. Nimemuoa kwa sharia, sikuzini. Twaha, hii ni amana. Nikuapishe au hapana haja?"

Hapo, jamani, hapo ndipo palipokuwa na njia mbili, na mimi nikapita ya tatu. Ningeweza kumwambia, ondoka, siri ya kumuumiza dada yangu usinitue mimi kichwani. Ningeweza kumwambia, una siku saba umwambie, la sivyo nitamwambia. Mimi nilifanya nini? Nilifurahi! Astaghfirullah, nilifurahi kwa sababu nimepata mfano wa kweli wa kuijaribia programu, wenye wake wawili na asaba, yule mrithi wa kinachobaki, na mambo yote. Nikaandika: Lali Kombo Lali. Baba, mama, Mwanaesha wa Amu, Zainabu Bakari wa Kiwayu, binti wawili, na mwana, Kombo Lali Kombo, wa Kiwayu. Nikabonyeza. Mafungu yakaja yamekamilika, hayakuzidi hayakupungua, na mimi nikamwonyesha Lali kwa kidole, "Waona? Waona ilivyo safi?" Yeye alikuwa anajifuta jasho.

Ramadhani ikaingia, nami kila siku Maghrib nilipata sahani yangu kutoka kwa Da Mwanaesha, mikate ya mofa imefunikwa kwa kawa, tambi, na siku za Ijumaa samaki wa kupaka. Nilikula. Mwezi mzima nilikula, na kile nikijuacho nilikimeza pamoja na tambi nikajiambia ni amana.

Mzee Lali, yule babu, akafariki siku za mwisho za Ramadhani, Mungu amrehemu. Baada ya arubaini yake watu wakakusanyika nyumbani mwake kuigawa ile nyumba, na Mzee Kombo, mwanawe mkubwa, akaniambia, "Mwalimu, ndoo hapa na mashine yako, watu waone kwa mato yao, isiwe maneno." Nikaazima projekta ya shule. Na kwa kuwa wanawake hukaa nyuma ya pazia wakawa daima wanaletewa habari ya mafungu yao kwa mdomo tu, nikasema la, leo na wao wataona, nikapanga shuka litundikwe pale ambapo pande zote mbili zitaliona. (Hili nalitaja kwa sababu ndilo jambo jema pekee nililofanya siku ile, na angalieni lilivyonilipa.) Shuka jeupe pana halikupatikana mle ndani. Da Mwanaesha akatoa lake, lile la harusi yake, la kutariziwa pembeni, alilokuwa akilitunza kwenye kasha. "Angalia lisichafuke," akaniambia.

Baada ya Asri watu wakajaa. Madirisha yakafungwa ili kuwe na giza la kutosha, shuka likawaka. Nikasimama nikatoa hotuba, ndiyo, hotuba, hakuna aliyeniomba. Nikawaambia mashine hii haina jamaa wala rafiki, haipendelei, haisahau, na haisemi urongo. Wakaitikia. Nikaandika jina la marehemu, nikaandika mjane wake, wanawe wawili wa kiume, binti watatu, nikabonyeza. Jawabu likaja upesi mno. Mtunga programu mwenye akili, jawabu likija upesi mno hushtuka. Mimi niliona fahari, na nikainama kuweka sawa waya wa umeme uliokuwa umelegea, nikamwambia Ustadh Shee awasomee watu, maana ana sauti.

"Bismillahi," akasema Ustadh, akavaa miwani. "Marehemu, Lali Kombo Lali. Baba yake, Kombo Lali, wa Amu: sudusi."

"Baba wa nani?" akasema Mzee Kombo. "Mimi ni mwanawe! Yeo nimekuwa babake babangu?"

Watu wakacheka. Mimi nimeinama na waya, nikadhani nimeandika mstari mmoja mahali pa mwingine, na badala ya kusimama nitazame, nikasema (maneno haya nitakufa nayo): "Endelea tu, Ustadh, ni neno moja limekaa vibaya, hesabu ni sawa."

Akaendelea. "Mama yake, Bi Amina..." Nyuma ya pazia Bi Amina, mkewe Mzee Kombo, akapiga ukelele, "Miye nimemzaa mkwe wangu!" na wanawake wakafa kwa kicheko. "Mke wake, Mwanaesha, wa Amu."

"Mwanaesha!" akaita mmoja. "Kumbe uliolewa na babu, na hutwambii!"

Nikamsikia dada yangu akicheka. Ana kicheko cha kukatika katika, kama mtu anayekimbia. Ndicho cha mwisho nilichokisikia kwake.

Ustadh hakucheka. Yeye ni mtu wa fani yake, na alikuwa amekunja uso. "Nusu ya thumuni?" akasema. "Mke mmoja, marehemu akiwa na watoto, fungu lake ni thumuni kamili. Nusu ya thumuni maana yake wake ni wawili." Akasogea karibu na shuka. "Ndiye huyu. Mke, Zainabu Bakari, wa Kiwayu."

Mnaona? Lau ile maktaba ingekuwa ya kukata mikia, ingeandika nukta sifuri sita na kitu na Ustadh angepita bila kushtuka. Lakini ilitunza sehemu kamili, kama nilivyoisifu, na mjuzi akaisoma kama asomavyo jina lake. Niliinuka na waya mkononi. Niliona. Na Ustadh, mtu asiyejua kuacha kitu katikati, akamaliza: "Mwana wa kiume, Kombo Lali Kombo, wa Kiwayu."

Vichwa vyote vikamgeukia Lali.

Mzee Kombo ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kwa hasira, laiti angesema kwa hasira. Alisema polepole, "Nina mjukuu? Wa jina langu?"

Lali akaruka. "Makosa! Mashine imekosea! Twaha, waambie imekosea!"

Nikafanya nini? Nikabonyeza tena. Nilikuwa bado natumaini, mjinga mimi, kuwa itatoa kingine. Na kazi ya yule bawabu, niliyemwandika mwenyewe, ni kutoa lile lile. Akalitoa. Nikabonyeza mara ya tatu. Akalitoa tena, na kila mara shuka lilizimika likawaka na Zainabu Bakari akawa anarudi kama anayebisha hodi. Ningeweza kuchomoa waya, ulikuwa mkononi mwangu! Nikageuka nikawaambia watu, "Mashine imekosea."

"Umesema haisemi urongo," akasema Ustadh. Hakusema kwa shari, aliuliza kwa kutaka kuelewa.

Hapo pazia likafunguka, Da Mwanaesha akaingia upande wa wanaume, jambo ambalo sijamwona akilifanya maisha yangu yote. Hakumtazama mumewe. Alikwenda mpaka kwenye shuka lake, akaweka kidole chini kabisa, kwenye ule mstari wangu wa mwisho niliouona mzuri, akausoma: "Jawabu hili limehifadhiwa mwezi wa Rajabu."

Akanigeukia.

"Twaha. Mashine hii yamyua Zainabu kwa nani?"

Nikautazama waya mkononi.

"Haijafika Kiwayu. Nani aliyeiambia?"

Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Kunyamaza kungetosha, kunyamaza tu. Lakini hasira zangu, ambazo dada yangu huyo huyo alinichapia sana utotoni bila faida, zikapanda, na si kwake, kwa Lali, nikamnyooshea kidole mbele ya ukoo wake wote nikapiga kelele, "Si wewe uliyekuja kwangu ukafunga mlango ukaniambia ni amana! Sasa umenyamaza nini? Sema!" Na mpaka hapo, sikilizeni, mpaka hapo watu walikuwa bado wana nafasi ya kuamini ni makosa ya kompyuta. Mimi ndiye niliyeifunga nafasi hiyo, kwa mdomo wangu, kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwenye daka la mlangoni.

Da Mwanaesha alikuwa anahesabu kwa vidole. "Rajabu. Shaabani. Ramadhani. Ramadhani yote umekula futari kwangu."

"Dada, ilikuwa amana..."

"Uliyua," akasema. "Siku thelathini waila mofa yangu, na wayua." Akavaa ushungi wake vizuri akatoka, na hakuna mtu aliyemzuia.

Nyumba ya Mzee Lali iligawanywa na Ustadh Shee jioni ile ile, kwa vidole na kipande cha karatasi, kabla kahawa haijapoa. Hakuna aliyebisha fungu lake. Mimi nilikuwa nakunja waya.

Yaliyofuata mmeyasikia. Da Mwanaesha alihamia nyumba ya marehemu mama, akakaa miezi. Wazee wakaingia kati. Mzee Kombo hakungoja mtu, juma lile lile alipanda boti kwenda Kiwayu na mkoba wa nguo za mtoto, akarudi anamwonyesha kila mtu picha kwenye simu, na sina haki ya kumlaumu. Shuleni wanafunzi wakanipachika jina, Mwalimu Kumbukumbu, wanalisema nikishapita. Wafula hakuniambia hata mara moja "nilikwambia". Aliniagizia chai akakaa kimya na mwavuli wake, na nikamkasirikia kuliko waliocheka. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Wangu mjukuu alikuja na jina la babu yake na bado sikumtambua.

Nilikwenda kwa dada yangu mara saba. Alinifungulia mlango mara saba, akaitika salamu mara saba, akaniuliza kama nina haja, nikasema sina, akasema haya.

Basi Ramadhani ya mwaka huu ikaingia. Siku ya kwanza, kabla ya Maghrib, nilijua kuwa sahani haitakuja, na pamoja na kujua nilikaa mkabala na mlango. Adhana ikaadhiniwa, nikafungua kwa tende, na hodi ikapigwa. Nikaruka, wallahi, nikakwaa kizingiti. Alikuwa Lali, na bahasha kubwa ya kitambaa kwapani.

"Karejea nyumbani," akasema, hata salamu hakutoa. "Juzi. Kanisamehe. Kaweka masharti yake, nami nimeyakubali."

"Alhamdulillahi," nikasema, na nilikuwa namtazama mdomo. Una mafuta. "Umefuturu?"

"Nimefuturu."

"Kwake?"

"Kwake."

"Mofa?"

Akatazama pembeni. "Mofa. Na tambi."

Huyo ndiye aliyeoa! Huyo ndiye aliyezaa, aliyeficha, aliyenitwisha! Na amerudi kwenye mkeka wake anakula mofa, na mimi niliyeandika jina tu nimekaa na tende tatu. Nilitaka kumpiga, na lau si Ramadhani ningempiga. Akanipa ile bahasha. Nikaifungua: shuka jeupe la kutariziwa pembeni, limepigwa pasi, limekunjwa mara nne, linanukia udi.

"Asema ni lako," akasema Lali. "Asema kalifua mara tatu na halitoki."

"Halitoki nini?" nikapiga kelele. "Ilikuwa ni mwangaza! Mwangaza hauachi doa!"

"Nami nilimwambia hivyo," akasema Lali. "Kasema wewe utaelewa."

Nimeelewa. Kile kipambo nilikifuta siku ile ile, mstari mmoja, na faili lake nikalifuta, na programu nzima nikaifuta, na haikusaidia kitu, kwa sababu aliyekumbuka na kunyamaza hakuwa bawabu. Kwa hiyo nasema mbele yenu, na mwenye siri anisikie: mtu asije tena mlangoni kwangu na amana yenye jina la mtu wangu ndani yake, maana nitamshika mkono saa ile ile nimpeleke mwenyewe akaiseme anakostahili kuisema. Na shuka lipo, juu ya kabati. Sijalitandika wala sijaliweka mbali. Jana nililifunua mbele ya dirisha nikalitazama mbele na nyuma, na ni jeupe kabisa.